Mti wa nasaba wa vimelea ukikugomea: dalili, chanzo na la kufanya

Umekusanya minyoo ya ini machinjioni, kupe kutoka kwa ng'ombe wa Usangu, au vifuko vya tegu kwenye nyama ya nguruwe wa Mbozi. Umetoa DNA, umepeleka sampuli kusomwa, umejenga mti wa nasaba (mchoro wa nani ni ndugu wa nani), na sasa mti unakuambia jambo lisiloingia akilini. Nimeandika haya kwa ajili ya saa hiyo, nikiwafikiria hasa wanafunzi na mafundi wa maabara wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, ambao mara nyingi hawana mtu wa karibu wa kumuuliza.

Tatizo kubwa la kazi hii ni kwamba hitilafu na historia ya kweli hujitokeza kwa sura moja. Mnyoo aliyekaa mahali pasipotarajiwa kwenye mti anaweza kuwa amechafuliwa na DNA ya ng'ombe. Anaweza pia kuwa chotara halisi, au mhamiaji, au spishi ambayo haijapewa jina. Ukikimbilia kumtupa unaweza kuwa umetupa ugunduzi, na ukikimbilia kumtangaza unaweza kuwa unatangaza uchafu. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni mpangilio wa ukaguzi: anzia kwenye chupa ya sampuli, nenda kwenye jeli (utando unaotenganisha vipande vya DNA kwa umeme), kisha kwenye herufi za DNA, na kompyuta iwe ya mwisho. Wengi huanza na kompyuta, wakabadilisha mipangilio ya programu wiki nzima, kumbe kasoro iliingia asubuhi ile ile ini lilipokatwa.

Dalili: jeli haina kitu

Umefanya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine, umeweka kwenye jeli, na michirizi pekee inayoonekana ni ya ngazi ya vipimo (vipande vya urefu unaojulikana). Kwanza tazama sampuli yako ya uthibitisho, ile unayojua kwamba inafanya kazi. Kama nayo haikutoa kitu, shida iko kwenye mchanganyiko au mashine. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) na kimeng'enya vilivyoyeyuka na kuganda mara nyingi kwa sababu ya umeme kukatika hupoteza nguvu, kwa hiyo vigawe kwenye vityubu vidogo mapema, kila kimoja cha kutosha kazi ya siku moja. Kama sampuli ya uthibitisho imetoa mstari mzuri, rudi kwenye mnyoo wako.

Mshukiwa wa kwanza ni fomalini. Hospitalini na kwenye maabara nyingi za mifugo ndiyo iliyozoeleka, na kwa kazi ya darubini ni nzuri. Kwa DNA ni adui: huifungamanisha na protini na kuikatakata. Kutoka kwenye sampuli ya zamani ya fomalini unaweza bado kuokoa kipande kifupi cha herufi 150 hadi 200, lakini usitegemee kipande kirefu. Tumia ethanoli ya asilimia 96 au zaidi. Spiriti ya buluu ya dukani haifai, kwa kuwa hujui imechanganywa na nini wala ina maji kiasi gani.

Hata ethanoli nzuri huharibika ndani ya chupa. Mnyoo wa ini aliyekua ana maji mengi, na ukijaza chupa nusu minyoo nusu ethanoli, kesho yake umebaki na ethanoli dhaifu na minyoo inayoanza kuoza. Weka ethanoli mara kumi ya ujazo wa minyoo, na uibadilishe baada ya siku moja. Hatua hii ni ndogo na wengi huiruka.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu ambalo maelekezo yaliyoandikwa pwani au ng'ambo hayalitaji. Njia rahisi ya kutoa DNA kwa kuchemsha na Chelex (chembe zinazonasa madini) husema chemsha kwa nyuzi 100. Mjini Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 94. Kwenye uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,500, yanakaribia 91. Sufuria haitafika 100 hata ukiongeza moto mpaka maji yakauke. Ama ongeza muda, ama tumia kipashio kikavu cha tyubu na ubane vifuniko kwa klipu, maana kimiminika kilichomo kikichemka vifuniko hufyatuka na sampuli yako hurukia ya jirani. Mashine ya PCR haina shida hiyo, kwa sababu kifuniko chake cha moto hubana tyubu wakati wote.

Mshukiwa wa pili ni vizuizi. Damu ndani ya kupe, nyongo iliyoganda kwenye mnyoo wa ini na ute wa konokono vyote huzuia kimeng'enya kufanya kazi. Hapa DNA ipo tena tele, ila reaksheni imekabwa. Kipimo chake hakina gharama: punguza DNA mara kumi, kisha mara hamsini, ujaribu tena. Mstari ukijitokeza baada ya kupunguza, umepata jibu. Wengine huongeza albumini ya damu ya ng'ombe kwenye mchanganyiko, nayo husaidia kweli, ila kama mnyoo wako ametoka ndani ya ng'ombe, kumbuka kwamba albumini hiyo nayo imetoka kwa ng'ombe na inaweza kuleta DNA yake.

Mshukiwa wa tatu ni praima. Praima maarufu za COI (jeni ya mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli) zilizochapishwa na Folmer na wenzake mwaka 1994, LCO1490 na HCO2198, hufanya kazi kwa wanyama wengi wasio na uti wa mgongo, na ndiyo maana kila maabara inazo. Kwa minyoo bapa na tegu mara nyingi hushindwa kushika. Kwa hao chukua JB3 na JB4.5, ambazo Bowles, Blair na McManus walizitumia mwaka 1992, zinazotoa kipande cha herufi kama 450. Ukiwa na kupe na tegu kwenye mradi mmoja usitarajie jozi moja ya praima iwatosheleze wote.

Dalili: DNA imesomeka vizuri, lakini si ya mnyoo

Umetafuta mfuatano wako kwenye GenBank (hazina ya mifuatano ya DNA) kwa BLAST (programu ya kutafuta inayofanana) na jibu ni ng'ombe, au mtu, au bakteria. Angalau hitilafu hii imejitaja. Iliyo mbaya zaidi ni ile inayochanganya kidogo kidogo.

Twende machinjioni kidogo. Umemsalimu mzee anayechuna, shikamoo zako zimepokelewa, amekupa ini ambalo lingetupwa. Unapasua mirija ya nyongo kwa kisu, unakamua, na minyoo inatoka, myembamba kama majani, ya kijivu na kahawia. Ile rangi ya kahawia ni utumbo wake uliojaa alichokula, yaani damu na seli za ng'ombe. Utumbo huo una matawi karibu mwili mzima. Ukitia mnyoo mzima kwenye tyubu umetia na ng'ombe. Mwoshe kwenye maji ya chumvi, mwache kwa muda kwenye maji hayo ya uvuguvugu ili atapike, kisha kata kipande kidogo cha ukingo. Uuache mfuko wa mayai, kwa sababu humo kuna watoto wake na mbegu za mnyoo mwingine, na DNA yao si ya mnyoo mmoja.

Kwa kupe aliyeshiba, usiguse tumbo. Kata miguu. Miguu minne ya kupe mkubwa inatosha, damu ya ng'ombe humo ni kidogo sana, na mwili wote unabaki kwa ajili ya kutambua spishi baadaye.

Bakteria nao wana namna yao. Wadudu wengi hubeba ndani ya seli zao bakteria aitwaye Wolbachia, na praima za Folmer zinaweza kuikuza COI ya bakteria huyo badala ya ya mdudu. Minyoo ya usubi, Onchocerca volvulus, ambayo ugonjwa wake unafahamika vizuri Tukuyu, nayo hubeba Wolbachia. Kwa hiyo ukisoma jenomu nzima (DNA yote) ya mnyoo huyo tenga kwanza herufi za bakteria, la sivyo utaandika kwamba mnyoo amejipatia jeni za bakteria wakati bakteria mwenyewe yupo pale mzimamzima.

Dalili: vilele viwili mahali pamoja

Fungua kromatogramu yenyewe, ile picha ambayo kila kilele ni herufi moja. Usitosheke na faili la herufi lililotumwa na kampuni iliyosoma. Ukiona vilele viwili vimesimama nafasi moja, uliza maswali haya kwa mpangilio.

Je, vilele viwili vimeenea kipande chote, au viko nafasi chache? Vikiwa kila mahali, umechanganya minyoo wawili au praima imeshika sehemu mbili. Rudia kwa DNA mpya.

Je, jeni ni ya mitokondria au ya kiini cha seli? Mitokondria hurithiwa kwa kawaida upande wa mama, kwa hiyo inatarajiwa itoe herufi moja kila nafasi. Vilele viwili kwenye COI au ND1 (jeni nyingine ya mitokondria) vina maana ya mchanganyiko, au nakala ya zamani ya jeni ya mitokondria iliyojipenyeza ndani ya kiini. Jeni ya kiini hurithiwa kwa baba na mama, na hapo vilele viwili vinaweza kuwa habari ya kweli.

Hapa ndipo nyanda zetu zinapokuwa na utajiri wa pekee. Minyoo ya ini ina spishi mbili kubwa. Fasciola hepatica hupenda baridi, akipitia konokono mdogo Galba truncatula, naye amepatikana kwenye ng'ombe wa Kitulo. Fasciola gigantica ni wa mabonde yenye joto na maji yaliyotulia, akipitia konokono Radix natalensis, na mashamba ya mpunga ya Usangu na Pawaga ni makazi ya aina hiyo hasa. Ng'ombe huuzwa na kuhamishwa kati ya juu na chini. Wakikutana ndani ya ini moja, spishi hizi zinaweza kuzaliana. Machotara wamethibitishwa sehemu mbalimbali za Asia, na huko wapo hata wenye seti tatu za kromosomu wanaozaa bila mbegu.

Kwenye ITS1, kipande cha DNA ya kiini kilicho kati ya jeni, spishi hizi mbili hutofautiana nafasi tano. Mnyoo wako akionyesha vilele viwili kwenye nafasi hizo tano tu, na kwingine kote kukawa safi, usimtupe. Uchafu hauchagui nafasi kwa ustadi wa namna hiyo, ila mchanganyiko wa minyoo miwili ya spishi hizo utatoa picha ileile. Ndiyo maana kipande kilichokatwa ukingoni, kutoka kwa mnyoo mmoja aliyeoshwa, kina thamani kubwa. Toa DNA tena kutoka ukingo wa pili wa mnyoo yule yule. Ongeza jeni nyingine za kiini kama pepck na pold, ambazo siku hizi ndizo zinazotegemewa zaidi kutambua machotara kuliko ITS1 peke yake. Mchunguze pia mfuko wake wa mbegu kwa darubini kama una mbegu au ni mtupu. Ushahidi wa aina tatu ukikubaliana, una jambo la kuandika.

Dalili: protini inakatika katikati

Unatafsiri COI yako kuwa asidi amino na programu inakuonyesha alama za kusimama kila mahali. Wengi hapo hufuta mfuatano wote. Subiri.

Chukua kipande hiki cha tegu: TTT TGA GGT. Ukitumia jedwali la kawaida la kodoni (herufi tatu za DNA zinazoita asidi amino moja), TGA inasema simama, na protini imekatika. Kwenye mitokondria ya minyoo bapa TGA haisimamishi kitu, inaita asidi amino iitwayo triptofani. Kipande kizima kinasomeka bila shida. Kwa minyoo bapa na tegu chagua jedwali namba 9 la GenBank. Kwa kupe, chawa, viroboto na minyoo ya mviringo, jedwali namba 5.

Majedwali haya mawili yana mtego unaonyamaza. Yote mawili hayasimami kwenye TGA, kwa hiyo ukimwekea tegu jedwali namba 5 hutaona alama ya kusimama, na utadhani mambo ni shwari. Lakini AAA itasomwa kama lisini wakati ni asparajini, na ATA itasomwa kama methionini wakati ni isolusini. Mti wa protini utakaojengwa juu ya makosa hayo hautalalamika hata mara moja.

Kama jedwali ni sahihi na protini bado inakatika, sogeza mahali pa kuanzia kusoma. Kipande kamili cha Folmer cha herufi 658 husomeka kuanzia herufi ya pili. Bado inakatika? Tafuta herufi iliyoongezeka au kupungua, hasa penye mlolongo mrefu wa T, ambapo mashine hukosea kuhesabu. Ukishafanya yote hayo ndipo ushuku ile nakala ya mitokondria iliyojificha ndani ya kiini. Kwa chawa wa binadamu ongeza tahadhari nyingine: mwaka 2009 ilionekana kwamba mitokondria yao haina duara moja la DNA kama wanyama wengi, bali imegawanyika vipande vidogo 18. Praima zilizopangwa zivuke kutoka jeni moja kwenda jirani yake zitashindwa, kwa kuwa jirani mwenyewe yuko kwenye kipande kingine.

Dalili: jeni mbili, miti miwili

COI inasema mnyoo huyu ni ndugu wa huyu, ITS inasema ni ndugu wa yule. Hapa ninaomba uache kabisa tabia ya kuziunganisha jeni zote faili moja na kuomba programu itoe wastani. Wastani wa historia mbili tofauti ni historia ambayo haikutokea.

Ukishaondoa uchafu kwa hatua zilizotangulia, zimebaki sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kuvuka kwa jeni kati ya spishi. Vimelea vya kichocho ndio mfano uliochunguzwa sana Afrika: Schistosoma haematobium wa binadamu na Schistosoma bovis wa ng'ombe huweza kupandana, na mnyoo akawa na mitokondria ya mmoja na kiini chenye alama za mwingine. Yeyote anayekusanya sampuli Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, penye watu, mifugo na konokono kwenye maji yale yale, asome jeni za pande zote mbili tangu mwanzo. Sababu ya pili ni kwamba spishi zimetengana upesi, kabla aina za jeni walizorithi kwa pamoja hazijachujika. Kwa hilo jeni mbili hazitoshi. Unahitaji nyingi, na programu zinazotafuta mti wa spishi kutoka miti mingi ya jeni.

Dalili: mnyoo wako amejikita chini kabisa ya mti

Tawi refu, limechomoza karibu na mzizi, au limejibandika kwa kiumbe kingine chenye tawi refu ambacho hakifanani naye kwa lolote. Vimelea wengi hubadilika haraka kuliko jamaa zao wanaojitegemea. Joseph Felsenstein alionyesha mwaka 1978 kwamba matawi marefu huvutana: mabadiliko mengi yakirundikana, herufi zinafanana kwa bahati tu, na mbinu ya kujenga mti inaona undugu. Cha hatari ni kwamba ukiongeza herufi, imani ya programu kwenye jibu lile potofu huongezeka. Alama ya 100 (imani ya juu kabisa) kwenye tawi si dawa ya ugonjwa huu.

Fanya jaribio hili. Ondoa kiumbe kimoja kati ya wale wawili wenye matawi marefu, jenga mti upya, uone aliyebaki anakwenda wapi. Mrudishe, mwondoe wa pili, rudia. Kila mmoja akihamia kwingine akiwa peke yake, walikuwa wamevutana. Kisha ongeza jamaa wa karibu ili kulikata tawi refu vipande, ondoa herufi ya tatu ya kila kodoni ambayo hubadilika upesi mno, au tumia protini badala ya DNA. Chagua pia kundi la nje (kiumbe cha kulinganishia, kisicho cha kundi lako) lililo karibu. Kuchukua konokono awe kundi la nje la minyoo bapa kwa sababu tu mfuatano wake unapatikana ni kujitafutia matatizo.

Lakini yapo matawi marefu yaliyosema kweli. Viumbe waitwao Myxozoa, vimelea wadogo sana wa samaki, kwa muda mrefu waliwekwa kundi moja na viumbe wa seli moja. DNA ikaonyesha ni wanyama. Halafu kwa sababu ya kasi yao walitangatanga kwenye mti, mara huku mara kule, hadi data za jeni nyingi zilipowaweka pamoja na yavuyavu wa baharini. Vilevile minyoo-ulimi wanaoishi kwenye mapafu ya nyoka: mwaka 1989 Abele na wenzake walisoma 18S (jeni ya kiini) na kuwaweka katika ukoo wa kaa na kamba, karibu na chawa wa samaki, jambo ambalo muundo wa mbegu zao za kiume ulikuwa umekwisha kulidokeza. Niseme wazi kwamba mifano hii ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Kimelea hupoteza macho, miguu, utumbo, kila kitu ambacho babu zake walijivunia, na bado ukoo wake unasomeka kwenye herufi zake.

Dalili: sampuli zote zinafanana

Vifuko ishirini vya tegu, mfuatano mmoja. Kabla ya kuandika kwamba tegu wa Songwe hawana utofauti wowote, uliza vifuko vilitoka kwa nguruwe wangapi. Tegu mmoja ndani ya mtu mmoja hutoa mayai kwa maelfu, na mara nyingi hujirutubisha mwenyewe. Nguruwe aliyekula kinyesi chenye mayai hayo atajaa vifuko ambavyo vyote ni ndugu wa tumbo moja. Kifuko kimoja kwa nguruwe, nguruwe mmoja kwa kaya, kaya kutoka vijiji mbalimbali. Ndivyo unavyopata utofauti wa eneo, maana vinginevyo umepima familia moja. Ukishapanga hivyo, linganisha na makundi mawili makubwa ya mitokondria yanayojulikana kwa Taenia solium tangu 2002: la Asia, na la Afrika pamoja na Amerika ya Kilatini.

Kufanana kunaweza pia kuwa historia. Funza wa miguuni, Tunga penetrans, asili yake ni Amerika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazili, na ndani ya miongo michache akawa amevuka bara hadi kwetu. Idadi ya watangulizi ikiwa ndogo, wajukuu hufanana. Kwa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, picha ni kinyume chake: utofauti mkubwa zaidi uko Afrika Mashariki, na wale wa Amerika wana uhusiano wa karibu na wa Afrika Magharibi, njia ile ile waliyopitishwa watu waliouzwa utumwani. Sampuli zako za Afrika Mashariki za mnyoo huyo zikifanana zote kama pacha, basi hapo shuku ukusanyaji.

Dalili: miaka haiingii akilini

Hapa vilio ni vingi, na sababu yake ni moja: vimelea hawana visukuku vya kutosha. Saa ya DNA (kukadiria miaka kwa kuhesabu mabadiliko ya herufi) lazima ipigiwe kipimo mahali fulani, na wengi hukopa tarehe za mnyama mwenyeji, yule anayembeba kimelea. Ukiamua kwamba chawa wa mtu na chawa wa sokwe walitengana siku mtu na sokwe walipotengana, kisha ukatumia saa hiyo kuthibitisha kwamba chawa walitengana pamoja na wenyeji wao, umezunguka ukarudi ulipoanzia.

Tazama chawa wa nguo. Kittler, Kayser na Stoneking walikadiria mwaka 2003 kwamba chawa hao walitokea miaka kama 72,000 iliyopita, na ukingo wa makosa wa miaka 42,000 kila upande. Mwaka 2011 Toups na wenzake, kwa jeni zaidi na mbinu nyingine, wakapata miaka kama 170,000. Mdudu ni yule yule. Tofauti ni jeni, mbinu na kipimo cha saa. Kwa hiyo usiandike tarehe bila ukingo wake wa makosa, wala usilinganishe tarehe zako na za mwingine kabla ya kuona saa yake ilipigiwa kipimo wapi. Pia kasi iliyopimwa kwa matukio ya miaka mamilioni usiitumie kwa matukio ya karne chache. Saa za karibuni huonekana kwenda kasi zaidi, kwa kuwa mabadiliko mabaya bado hayajachujwa.

Tarehe ya ajabu nayo inaweza kuwa kweli. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba binadamu walipata tegu kutoka kwa ng'ombe na nguruwe walipoanza kufuga. Mwaka 2001 Eric Hoberg na wenzake walionyesha kwamba jamaa wa karibu wa tegu wetu ni wale wa simba na fisi wa Afrika, na kwamba Taenia saginata na Taenia asiatica walitengana kati ya miaka 780,000 na 1,710,000 iliyopita. Ufugaji una miaka kama 10,000. Maana yake mababu zetu waliwapata tegu mbugani wakila windo lile lile walilokula simba na fisi, na ng'ombe na nguruwe wakaambukizwa na sisi. Mfugaji wa Mbozi anayelaumiwa kwamba nguruwe wake wanaleta tegu anastahili kuisikia habari hii.

Dalili: mti wa kimelea haulingani na mti wa mwenyeji

Si lazima iwe hitilafu. Chawa wa sehemu za siri wa binadamu ni ndugu wa chawa wa gorila, na walitengana miaka kama milioni 3 hadi 4 iliyopita, muda mrefu baada ya ukoo wetu kuachana na wa gorila. Chawa huyo alihama kutoka ukoo wa gorila kuja kwetu. Hakikisha tu kwamba umesoma kila mwenyeji kwa sampuli zaidi ya moja.

Dalili: jina halikubaliani na herufi

BLAST inasema asilimia 99 ni kupe fulani, na wewe ukimtazama mdomo kwa darubini unaona ni mwingine. Usiiamini GenBank kuliko macho yako, wala macho yako kuliko GenBank. Majina ya huko yaliwekwa na watu, na wengine walikosea. Kwa kupe wa buluu hili lina uzito, kwa sababu Rhipicephalus microplus aliyetoka Asia amekuwa akienea Tanzania na kumsukuma R. decoloratus wa asili ya hapa, na kupe hawa wawili wakiwa wachanga hutatanisha hata wazoefu. Linganisha na mifuatano iliyotoka kwa watafiti tofauti na nchi tofauti. Kama yote inatoka kwenye kazi moja, hiyo ni shahidi mmoja.

Na wakati mwingine jina lenyewe ndilo lililokosea dunia nzima. Utitiri unaoua makundi ya nyuki uliitwa Varroa jacobsoni kwa miongo, hadi Anderson na Trueman walipolinganisha mitokondria mwaka 2000 na kuonyesha kwamba ule unaoharibu nyuki wa asali ni spishi nyingine, wakaipa jina Varroa destructor. Waliweza kwa sababu walikuwa na miili ya utitiri huo, mbali na herufi zake.

Kwa hiyo kabla ya kusaga chochote, acha sehemu ya mwili kwenye ethanoli yake. Kwenye lebo andika kwa penseli, maana wino huyeyuka: namba ya sampuli, mnyama aliyetoka, kiungo alichokutwa, kijiji, mwinuko kwa mita, tarehe, na jina la aliyekusanya. Karatasi iingie ndani ya chupa, na namba ile ile iandikwe nje. Kama mnyama alinunuliwa mnadani, muulize mwenye mali alitoka wapi awali na uandike hilo pia. Ng'ombe aliyechinjwa Iringa anaweza kuwa alinyweshwa Usangu miezi mitatu iliyopita, na mnyoo aliye kwenye ini lake ni wa huko.